UZI: Maji kujaa na kupwa, mizizi ya majani, na safari ya virutubisho katika vinamasi vya chumvi

#1 Bamvua14

Wakuu, kila tukizungumzia vinamasi vya chumvi anatokea mtu anasema kinamasi ni chujio: maji machafu yanaingia upande mmoja, yanatoka safi upande wa pili. Kwa kauli hiyo watu wanahalalisha kuelekeza maji ya mashamba na maji taka kwenye vinamasi, kwa hiyo tuichambue taratibu. Hoja yangu ni hii: kinamasi hupokea kirutubisho katika umbo moja na kukirudisha katika umbo jingine. Umbo litakalotoka linategemea mwendo wa maji na mizizi ya majani, na viwili hivyo haviwezi kusomwa kimoja kimoja.

Nianze na maji. Pwani nyingi hupata maji kujaa mara mbili kwa siku, takriban kila baada ya saa 12 na dakika 25. Juu ya zamu hiyo kuna zamu ya bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), siku 14 na robo tatu hivi kutoka bamvua moja hadi nyingine. Ukingo wa hori (mfereji wa asili unaoingiza na kutoa maji ya bahari kinamasini) hufunikwa karibu kila maji yanapojaa. Uwanda wa juu unaweza kukaa siku kadhaa wakati wa maji mafu bila kuguswa na tone la bahari, chumvi ikapanda kwa sababu maji yanakauka kwa jua na kunyonywa na mizizi. Tofauti ya kimo ya sentimita 10 au 20 tu inatosha kubadilisha kabisa idadi ya saa ambazo tope linakaa chini ya maji.

Kupwa nako kuna siri yake. Tope lililo karibu na hori humwaga maji yake ndani ya hori na hewa ikachukua nafasi. Lakini tope laini hupitisha maji polepole mno. Ukisogea ndani kutoka ukingoni, mara nyingi si zaidi ya mita 15, maji ya topeni hayaondoki tena kwa kupwa. Yanapungua kwa mizizi na mvuke tu. Kwa hiyo kinamasi kimoja kina nchi mbili: ukingo unaopumua, na uwanda uliosimama.

Tope likizama, oksijeni huisha ndani ya milimita chache za juu. Bakteria hawaachi kazi, wanabadilisha wanachopumulia. Baada ya oksijeni wanatumia naitreti (naitrojeni iliyoungana na oksijeni), halafu manganizi, halafu chuma, halafu salfeti, na mwisho kabisa inatengenezwa methani. Ukipima nguvu ya tope ya kuoksidisha kwa elektrodi ya platinamu, katika tope lisilo na asidi, naitreti huwa imekwisha karibu na milivolti +250, chuma hubadilika karibu na +100, salfeti huanza kutumika kuanzia kama −100 hadi −150, na methani chini zaidi ya hapo. Maji kamili ya bahari yana salfeti kama milimoli 28 kwa lita, ghala ambalo haliishi kirahisi kwa kuwa kila maji yakijaa linaongezwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya uozeshaji ndani ya tope hufanywa na bakteria wa salfeti, nao hutoa salfaidi, ile harufu ya yai viza. Na ndiyo maana kinamasi chenye chumvi zaidi ya 18 kwa elfu hutoa methani kidogo sana kikilinganishwa na cha maji baridi.

Mwenye la kuongeza au kusahihisha aweke hapa.

#2 TopeJeusi

Ahsante mkuu. Nina swali linalosumbua wengi. Chukua nyasi ya Spartina alterniflora, siku hizi wataalamu wa majina wanaiita Sporobolus alterniflorus. Ukingoni mwa hori inafika mita mbili. Mita ishirini ndani, nyasi ileile haivuki goti. Watu hueleza kwamba katikati hakuna naitrojeni. Lakini vipimo vya maji ya topeni huonyesha mara nyingi amoniamu (umbo la naitrojeni ambalo mizizi hunyonya) iko juu zaidi huko kwenye nyasi fupi kuliko ukingoni. Halafu ukimwaga mbolea ya naitrojeni kwenye nyasi fupi, zinarefuka! Chakula kipo tele mezani na mlaji ana njaa. Inakuwaje?

#3 Rizomu

TopeJeusi, umegusa kiini cha jambo. Amoniamu kuwa nyingi ndani ya maji ya topeni haimaanishi mmea unaipata. Pengine ni nyingi kwa sababu mmea umeshindwa kuichukua.

Mzizi hunyonya amoniamu kwa kutumia nguvu, na nguvu hiyo inatokana na oksijeni. Nyasi hizi zina mirija ya hewa inayoshuka kutoka kwenye majani mpaka kwenye mizizi na rizomu (mashina yanayotambaa chini ya ardhi). Hewa ikitosha, mzizi unapumua vizuri na nyingine inavuja nje ya ncha, ikatengeneza kanda nyembamba yenye oksijeni. Ukingoni, tope lenyewe linapata hewa kila maji yakipwa, kwa hiyo mmea hauhitaji kugharamia kila kitu. Katikati, mzizi uko ndani ya tope lililosimama, oksijeni inayoshuka inaliwa mara moja, na salfaidi inakusanyika. Salfaidi ikifika karibu na milimoli 1 kwa lita huanza kuzuia kazi ya kunyonya amoniamu kwenye mizizi. Ongeza chumvi: ioni za sodiamu zinashindana na amoniamu mlangoni mwa mzizi, kwa hiyo mmea unahitaji amoniamu nyingi zaidi nje ili upate kiasi kilekile ndani. Tena kwenye chumvi kali mmea hutumia naitrojeni kutengeneza kemikali za kulinda seli zisikauke, na hiyo ni naitrojeni isiyojenga jani.

Ukimwaga mbolea unainua kiwango cha nje mpaka hata mzizi uliochoka unapata chochote. Mmea unarefuka, mirija ya hewa inaongezeka, unavuta maji mengi zaidi kutoka topeni, hewa inaingia, salfaidi inapungua. Duara linageuka upande mzuri. Kinyume chake pia kipo: sehemu ikizama sana, mmea unadhoofika, hewa inapungua, salfaidi inapanda, mmea unakufa, na tope lililobaki tupu linashuka kimo. Mabwawa madogo yasiyo na majani katikati ya vinamasi yanaweza kuanza hivyo.

Kaa wanaochimba mashimo wanaingia hapa pia. Shimo moja ni mfereji mdogo wa wima: linapitisha maji wakati wa kupwa na kupeleka oksijeni sentimita 10 hadi 20 chini. Ukiwaondoa kaa kwenye tope gumu, nyasi hupungua.

#4 MajiMafu

Naomba kuweka mkazo kwenye naitrojeni, maana watu wengi huchanganya njia zake.

Naitreti inayoletwa na maji yanayojaa ina njia tatu kubwa. Inaweza kunyonywa na mwani mdogo unaoishi juu ya tope au na majani. Inaweza kugeuzwa na bakteria hatua kwa hatua (naitreti, naitraiti, oksidi za naitrojeni) mpaka gesi ya naitrojeni inayopaa hewani. Hii ndiyo pekee inayoiondoa kabisa kwenye mfumo. Au inaweza kurudishwa kuwa amoniamu na kundi jingine la bakteria, ikabaki palepale kinamasini. Njia ya pili na ya tatu zinagombania naitreti ileile. Palipo na kaboni nyingi na naitreti kidogo, na hasa palipo na salfaidi, mizani huelemea kwenye amoniamu. Kwa hiyo mtu akipima naitreti inaingia na haitoki, asikimbilie kusema imepaa. Huenda imebadilishwa vazi tu na itatoka kesho ikiwa amoniamu.

Kuna chanzo kingine ambacho hakionekani kwenye hori. Amoniamu inayotokana na uozo inapokutana na kanda ya oksijeni pembeni ya mzizi au kwenye ukuta wa shimo la kaa, huoksidishwa kuwa naitreti. Milimita moja mbele yake hakuna oksijeni, naitreti hiyo inageuzwa gesi. Haya yote hutokea ndani ya unene wa ukucha. Mmea ndio uliojenga mpaka huo, na kupwa ndiko kunakouhuisha kila siku. Salfaidi ikipanda, bakteria wanaooksidisha amoniamu huzuiwa, na mnyororo mzima unakatika mwanzoni. Ndiyo maana uwanda uliosimama muda wote si mahali pazuri pa kuondolea naitrojeni, hata kama tope lake ni jeusi na limejaa kaboni.

Mfano wa bajeti ya kinamasi kizima ni Great Sippewissett huko Massachusetts, Marekani, ambayo Ivan Valiela na John Teal waliichapisha mwaka 1979. Naitreti iliingia kwa wingi na maji ya chini ya ardhi kutoka bara, na maji yanayopwa yalitoa naitrojeni iliyokwisha kugeuzwa: amoniamu, naitrojeni ya kikaboni iliyoyeyuka na chembe.

#5 Hori_Refu

MajiMafu, nakubali, ila tusisahau historia ya swali lenyewe. Mwaka 1962 Teal, akifanyia kazi vinamasi vya Georgia, Marekani, alikadiria kwamba maji huondoa karibu asilimia 45 ya uzalishaji kabla ya walaji wa kinamasini hawajaupata. Mwaka 1968 Eugene Odum akajenga juu yake wazo la kinamasi kinacholisha bahari. Mwaka 1980 Scott Nixon akapitia ushahidi uliokuwapo na kuonyesha kwamba mambo hayakuwa mepesi hivyo: vingine vilitoa, vingine vilipokea, na kirutubisho kimoja kilienda kinyume na kingine mahali palepale.

Sababu zake zinaeleweka. Kinamasi kichanga kinachojaa mashapo hupokea, kilichokomaa na kufikia kimo cha bamvua hutoa zaidi. Hori ambamo mkondo wa kujaa una nguvu kuliko wa kupwa huvuta chembe ndani; ikiwa kinyume, huzisukuma nje. Halafu kuna majira. Wakati wa kuota, mmea unachukua amoniamu kwa kasi. Mwisho wa msimu, kabla jani halijafa, sehemu kubwa ya naitrojeni yake hushushwa kwenye rizomu na kuhifadhiwa. Jani linalobaki ni maskini wa naitrojeni, na bakteria na kuvu wanaoliozesha hulazimika kunyonya naitrojeni kutoka kwenye maji yanayowazunguka. Kwa hiyo mabaki makavu, ambayo wengi wanadhani ndiyo yanayotoa mbolea, kwa miezi ya mwanzo huwa yanaivuta. Yanaanza kuiachia baadaye.

#6 Kipimo

Swali dogo kabla sijaingia kwenye vipimo: fosforasi mbona haijatajwa?

#7 Rizomu

Fosforasi ni hadithi ya chuma. Kwenye kanda yenye oksijeni karibu na mzizi, chuma huganda kama kutu. Chimbua mzizi ulio hai utaona ganda la rangi ya chungwa. Fosfeti inang'ang'ania kutu hiyo. Salfaidi ikifika, inachukua chuma na kutengeneza salfaidi ya chuma nyeusi, baadaye pairaiti, na fosfeti iliyokuwa imeshikwa inaachiwa. Maji ya bahari yana salfeti nyingi, hivyo chuma kingi kinafungwa na salfaidi na fosfeti inabaki huru. Hii ni sababu moja kubwa ya mimea ya kinamasi cha chumvi kukosa naitrojeni kabla ya kukosa fosforasi. Fosforasi mpya huja hasa ikiwa imegandia chembe za mashapo, na hapo mashina ya majani yanafanya kazi ya mikono: yanapunguza mwendo wa maji, chembe zinatua. Nyingi hutua mita chache za mwanzo kutoka ukingoni, ndiyo maana ukingo hujenga tuta dogo.

#8 Bamvua14

Naongeza silika, ambayo husahaulika kabisa. Nyasi hunyonya silika iliyoyeyuka na kuihifadhi kama vijiwe vidogo ndani ya majani. Jani likioza, vijiwe hivyo huyeyuka haraka kuliko mchanga wa kawaida, na maji ya topeni yanakuwa na silika nyingi kuliko maji ya hori. Katika saa za mwisho za kupwa maji hayo huvujia horini.

Umuhimu wake ni huu. Daiatomu, mwani unaolisha samaki wengi wadogo, huhitaji silika na naitrojeni kwa uwiano wa karibu 1 kwa 1. Mito iliyobeba mbolea ina naitrojeni na fosforasi za ziada lakini silika haijaongezeka. Daiatomu wakimaliza silika, nafasi inachukuliwa na mwani mwingine, wakati mwingine wenye sumu. Kinamasi kinachovujisha silika wakati wa kiangazi, mto unapopungua, kinawaongezea daiatomu muda. Ukipima naitrojeni peke yake huwezi kuona huduma hii.

#9 Kipimo

Sasa tuje kwenye kupima, maana hapa ndipo hitimisho nyingi zinapoharibika. Kizuizi kikubwa ni hesabu: unatafuta tofauti ndogo kati ya namba mbili kubwa.

Chukua hori linaloingiza mita za ujazo 10,000 na kutoa 10,000. Amoniamu ikiingia na maikromoli 3 kwa lita na kutoka na 4, tofauti ni moli 10, yaani gramu 140 za naitrojeni kwa zamu moja ya maji. Sasa sema kipimo chako cha ujazo kimekosea asilimia 5 upande wa kupwa. Hiyo ni mita za ujazo 500. Kwa maikromoli 4, kosa ni moli 2, asilimia 20 ya jibu lako. Si haba, lakini unaweza kuishi nalo. Ila naitrojeni ya kikaboni iliyoyeyuka ikiwa na maikromoli 20 kwa lita, kosa lilelile la ujazo linazaa moli 10. Umeona mtiririko mzima ambao haupo. Kwa hiyo kwanza funga hesabu ya maji na ya chumvi. Chumvi haitengenezwi wala hailiwi, ikiwa haifungi katika muda wa zamu kadhaa, usitangaze naitrojeni.

Mambo yanayovuruga hesabu hiyo, kwa uzoefu wa fani nzima:

Wakati wa bamvua kubwa maji hupita juu ya kingo bila kupitia mdomo wa hori unakopimia. Chagua hori ambalo eneo lake linajulikana mipaka, au weka kipimo cha kina kwenye uwanda ili ujue ni lini maji yanakukwepa.

Sampuli za kila saa zilizojumlishwa sawasawa hudanganya. Kila sampuli ipewe uzito wa ujazo uliopita wakati huo. Ongeza sampuli, kila nusu saa, katika saa mbili za mwisho za kupwa: maji ni machache lakini yanatoka topeni, na amoniamu na silika hupanda ghafla.

Usipime mchana peke yake. Mwani mdogo juu ya tope huchukua amoniamu na kutoa oksijeni ukipata mwanga. Usiku tope hilohilo linaachia. Zamu ya mchana na ya usiku, bamvua na maji mafu, kila msimu: hicho ndicho kiwango cha chini. Hata hivyo dhoruba moja inaweza kubeba chembe zaidi ya miezi ya hali ya kawaida, na karibu kila mara hakuna mtu wala chombo kilichokuwa kinasoma.

#10 TopeJeusi

Mkuu Kipimo, na maji ya topeni? Vipimo vya fosfeti vya watu wawili, mahali pamoja, vinaweza kutofautiana sana.

#11 Kipimo

Ni utunzaji wa sampuli. Maji ya topeni hayana oksijeni na yana chuma kilichoyeyuka. Yakigusa hewa, ndani ya dakika chache chuma kinakuwa kutu na kutu inavuta fosfeti chini. Ukichuja baada ya hapo, fosfeti imebaki kwenye chujio. Fuata hivi:

1. Vuta maji kwa sirinji kupitia kichujio chembamba kilichokwisha kuzikwa kwenye kina unachotaka. Mililita chache za mwanzo zimwage. Vuta polepole, ukivuta kwa nguvu, maji ya juu yanashuka kandokando ya bomba na unapima hori badala ya tope. Angalia chumvi ya sampuli kama shahidi.
2. Salfaidi iwe ya kwanza: sampuli iingie moja kwa moja kwenye chupa yenye zinki asetati. Usiiache hata dakika tano.
3. Sehemu ya chuma na fosfeti: chuja kwa tundu la maikromita 0.45 au dogo zaidi bila kugusa hewa, tia asidi papo hapo mpaka pH ishuke chini ya 2. Asidi hiyo itafukuza pia salfaidi kama ukipitisha gesi ya naitrojeni ndani ya sampuli. Ni lazima uifukuze, kwa sababu salfaidi huharibu rangi ya buluu ya molibdenamu inayotumika kupimia fosfeti.
4. Amoniamu: chuja, gandisha. Salfaidi nyingi huingilia rangi ya kipimo hiki pia.
5. Silika: chupa ya plastiki, kamwe si kioo, na usiigandishe; weka kwenye baridi ya kawaida ya friji. Ikigandishwa, silika hujiunga na kipimo kinasoma chini.
6. Naitreti kwa safu ya kadimiamu (bomba la chembe za kadimiamu linaloigeuza kuwa naitraiti ili ipimwe): salfaidi inaua safu. Ondoa salfaidi kwanza.

Kwa elektrodi za platinamu, kumbuka kuongeza thamani ya elektrodi rejea: karibu milivolti 200 kwa ya fedha na kloridi ya fedha, karibu 244 kwa ya kalomeli iliyoshiba. Ripoti nyingi hazisemi kama nyongeza imefanywa, ndipo unakuta tope la mtu mmoja "lina chuma" na la mwingine "lina salfaidi" ilhali ni tope lilelile. Weka elektrodi tano au zaidi kwa kila kina. Milimita mbili pembeni ya mzizi ni dunia nyingine.

Na kupima naitreti inayogeuzwa gesi: mbinu ya asetilini inazuia uoksidishaji wa amoniamu, yaani inazima ile njia ya pembeni ya mzizi aliyoieleza MajiMafu, kwa hiyo katika kinamasi chenye naitreti kidogo itakupa namba ndogo mno. Uwiano wa gesi ya naitrojeni na argoni ni bora, ila kiputo kimoja cha hewa ndani ya chombo kinaharibu kipimo kizima.

#12 Hori_Refu

Turudi kwenye kauli ya chujio. Kama nyasi zina njaa ya naitrojeni, si tuwape tu maji yenye naitreti? Zitanenepa, mizizi itaongezeka, kila mtu afurahi.

#13 MajiMafu

Hapo ndipo pa hatari, mkuu. Plum Island, Massachusetts, kulifanyika jaribio la kinamasi kizima lililoanza mwaka 2004: naitreti iliongezwa kwenye maji yanayojaa, mpaka kiwango cha kati ya maikromoli 70 na 100 kwa lita, mahori mazima badala ya viploti (vipande vidogo vya majaribio). Matokeo ya Linda Deegan na wenzake yalitoka mwaka 2012. Majani ya juu yaliongezeka. Chini ya ardhi, mizizi na rizomu zinazoshika ukingo zilipungua na uozaji uliongezeka. Kingo zikapasuka, zikaporomoka horini, na sehemu iliyokuwa na nyasi ikawa tope tupu.

Sababu mbili zinakwenda pamoja. Mmea uliopata chakula kirahisi hauna haja ya kujenga mizizi mingi ya kukitafuta. Na naitreti ni kitu cha kupumulia kwa bakteria: inawapa nguvu kuliko salfeti, hivyo wanaweza kuozesha kaboni ya zamani ambayo kwa salfeti ingebaki. Angalia tofauti hapa: mbolea ya amoniamu au urea humlisha mmea, lakini bakteria hawawezi kuipumulia tope likiwa halina oksijeni. Ndiyo maana majaribio hayakubaliani yote. Viploti vya Great Sippewissett vimekuwa vikipewa mbolea tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 na havikuporomoka kwa namna ile. Mtu akikuambia "naitrojeni inaua kinamasi" au "naitrojeni inajenga kinamasi", muulize: umbo gani, imeletwa na maji au imemwagwa juu, na ni ukingo au uwanda.

#14 Mwani_Kijani

Wadau, haya yanahusu mikoko pia?

#15 Rizomu

Kemia ya tope ni ileile: salfeti, salfaidi, chuma, kanda ya oksijeni kwenye mizizi. Kinachobadilika ni njia ya mabaki. Nyasi hufa zikiwa zimesimama na kuanza kuoza hewani kwa kuvu. Jani la mkoko huanguka, na kaa wengi hulivuta shimoni kabla maji hayajalibeba. Kwa hiyo usihamishe namba za kupwa kutoka kimoja kwenda kingine.

#16 Hori_Refu

Nimeridhika na jibu la naitreti. Swali la mwisho kwangu: kinamasi kilichozuiwa kwa tuta miaka mingi, sasa wanataka kukirudishia bahari. Virutubisho vinafanyaje?

#17 Bamvua14

Hili linataka subira. Tope lililokaushwa hupata hewa, pairaiti inageuka asidi ya salfuri, pH inaweza kushuka chini ya 4, kaboni inaoza na ardhi inashuka. Amoniamu na fosfeti zinakuwa zimeshikwa kwenye udongo. Maji ya bahari yakirudi, sodiamu na ioni nyingine zinaifukuza amoniamu kutoka kwenye chembe za udongo, chuma kinayeyuka na kuachia fosfeti, na kwa muda kinamasi kinamwaga virutubisho horini, ingawa asidi inapungua.

Kwa hiyo kabla ya kufungua lango, chukua sampuli za udongo kwa mrija mpaka kina cha sentimita 50 na upime pH, pairaiti na amoniamu inayofukuzika kwa maji ya chumvi. Fungua kidogo kidogo, ukianzia msimu wa baridi, mwani unapokua polepole. Linganisha kimo cha ardhi na kimo cha maji kwanza: ardhi iliyoshuka ikifunguliwa ghafla itakuwa bwawa. Na kosa linalorudiwa zaidi ni kalvati (bomba la kupitishia maji chini ya tuta) kuwekwa juu mno au kuwa nyembamba. Maji yanaingia wakati wa bamvua, lakini muda wa kupwa hautoshi kuyatoa. Maji yanasimama, salfaidi inapanda, mimea ya maji baridi inafariki na nyasi za chumvi hazishiki. Sakafu ya kalvati iwe chini kiasi cha kuachia tope la ukingo lipumue kila maji yakipwa.

#18 Kipimo

Na wanaojenga kinamasi kipya kwa mchanga uliochimbwa baharini wajue mchanga haushiki naitrojeni. Huko San Diego Bay, California, kinamasi kilichojengwa kwa ajili ya ndege anayehitaji nyasi ndefu kilitoa nyasi fupi, kwa sababu udongo ulikuwa wa mchanga. Mbolea ya urea ilizirefusha kwa kadiri ilivyoendelea kutiwa. Ilipokoma, hapakuwa na akiba. Akiba ya naitrojeni ya kikaboni hujengwa kwa miongo, na mashapo laini na mizizi inayooza.

#19 TopeJeusi

Tukipata fedha ya vipimo vitatu tu, mnashauri vipi?

#20 Rizomu

Kimo cha ardhi ukilinganisha na maji, kwa usahihi wa sentimita 2 au 3, pamoja na saa za kuzama kwa zamu nzima ya bamvua na maji mafu. Salfaidi katika maji ya topeni kwenye kina cha sentimita 10, ukingoni na mita 20 ndani, msimu wa joto jingi. Na naitrojeni ndani ya jani bichi katikati ya msimu wa ukuaji: likiwa chini ya asilimia 1 huku amoniamu ya topeni iko juu, mmea unazuiwa kuipata, kwa hiyo kabla ya kununua mbolea tengeneza kwanza njia ya maji kupwa.